Maji ya Nestory Yananukia Ubani

Nestory Lugembe ni mume wa dada yangu Elieth, na mimi namdharau. Nalisema mapema ili asije mtu baadaye akasema nilijificha nyuma ya adabu. Kwetu Goweko shemeji ni mtani. Ninaruhusiwa kumtukana mbele za watu, kumfichia viatu, kumwita mume wangu, na yeye kuniita mke mdogo, na hakuna wa kukasirika. Kwa miaka mingi niliitumia ruhusa hiyo kwa raha zangu zote. Sikujua kwamba ndiyo itakayokuja kuniziba mdomo.

Bwana huyu alitoka Bukene na sanduku la bati na maneno mengi. Baba yake aliuza karanga kituoni, treni ya Mwanza ikisimama, kazi ya heshima kabisa iliyomsomesha, lakini ukimwuliza Nestory atakwambia baba alikuwa "mtu wa reli". Basi alipopata kibarua uwanja wa ndege hapa Tabora, kwenye kampuni moja ya ndege za pangaboi ambayo sitaitaja, akawa yeye sasa "mtu wa anga". Mtu wa anga! Kazi yake ilikuwa kujaza maji. Kuna tanki lililokaa juu ya toroli, lina mpira mrefu. Ndege ikitua unalisukuma mpaka ubavuni kwake, unachomeka mpira, maji yanapanda ndani. Hayo ndiyo wanayopikiwa abiria chai, na ndiyo anayopewa mgonjwa akitaka kumezea dawa. Kazi yenyewe siidharau hata kidogo. Inataka mtu msafi, tena mwoga. Nestory si msafi wala si mwoga, ni mvivu aliyepigwa pasi.

Maana shati lake, loo! Dada yangu alikuwa akilipiga pasi kila asubuhi mpaka kola inakata mkate. Akitoka nalo Isevya anapita katikati ya barabara ili bodaboda wamkwepe yeye, na akisalimiwa "mwangaluka" na wazee anajibu kwa Kiingereza cha redioni. Debe tupu haliachi kuvuma, nilikuwa namwimbia. Naye anacheka, anasema mke mdogo ana wivu.

Mimi nauza chai na chapati nje ya geti la uwanja. Kibanda changu kinatazama waya, na ng'ambo ya waya ni stoo yao, kwa hiyo mambo yake mengi nimeyaona kwa macho haya. Na kanuni za kazi ninazijua kwa sababu yeye mwenyewe alitufundisha, tena kwa kelele, siku alizotoka mafunzoni. Alisimama sebuleni kwa dada amenyoosha kidole kama padri wa Kwaresima. Tanki lisuguliwe, litiwe dawa ya klorini, likae, kisha lisuuzwe na kusuuzwa tena mpaka harufu iishe. Mdomo wa mpira ufunikwe, usiguse chini. Anayefyonza choo cha ndege asishike maji. Tukapiga makofi. Elieth akaleta ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, tukala tukijiona tumepata mtaalamu kwenye ukoo.

Huyo mtaalamu sasa! Mpira aliuburuta kwenye mchanga kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Glovu alizofyonzea choo ndizo alizoshikia mdomo wa mpira, na nilipomkemea kupitia waya akazipangusa kwenye suruali, akaniambia sasa je. Kifuniko cha mpira kikapotea. Unajua aliziba na nini? Gunzi. Gunzi la mahindi ya kuchoma, aliyekula ni yeye mwenyewe. Ndege inatoka Dar imebeba waheshimiwa na maaskofu, maji yao yamezibwa kwa gunzi kama kibuyu cha pombe ya mtama.

Na dawa je? Hapo ndipo ujinga wake ulipopanda cheo. Siku moja abiria mmoja mkubwa alilalamika kwamba maji yananuka dawa. Ukweli ni kwamba Nestory alitia dawa akaona uvivu kusuuza. Mtu mwenye akili angesuuza. Yeye akamkumbuka bibi yake mzaa mama, aliyeolewa mjini hapa kwenye zile nyumba za zamani za milango ya nakshi, ambako mtungi wa maji hufudikizwa juu ya chetezo cha ubani mpaka ushibe moshi, ndipo unatiwa maji. Maji ya mtungi huo ni matamu, sikatai, nimeyanywa sana sikukuu za Idi. Lakini bibi yule alikuwa anausugua mtungi kwanza, anausugua kwa mchanga na majani mpaka vidole vinachubuka. Nestory alichukua moshi, kusugua akawaachia wafu. Akawa anaingiza chetezo ndani ya tanki nyuma ya stoo, anafunika, anaketi kwenye ndoo kuchezea simu. Klorini ikabaki kwenye dumu mpaka dumu likaota vumbi.

Na watu wakasifu! Ndiyo dunia ilivyo. Hafsa, yule binti mhudumu wa ndani ya ndege, akaja kunywa chai kwangu akasema abiria wanauliza kwa nini maji ya Tabora yananukia vizuri hivi. Bernardo, mkuu wa kituo cha kampuni, akamtangaza Nestory mfanyakazi bora, akapigwa picha ameshika mpira wake. Picha hiyo iko ukutani kwa dada mpaka leo, karibu na ile ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Gunzi halikuonekana, alilifunika kwa kiganja.

Sasa nikwambie kitu kilichonifanya nimdharau moja kwa moja, dharau isiyo na utani ndani yake. Kila asubuhi bwana huyu alikuja kibandani kwangu, akaketi kwenye benchi, akaniuliza, "Shemeji, maji ya chai umeyachemsha? Yamechemka kweli, au yamepata moto tu?" Kila asubuhi! Na kwapani ana chupa yake ya maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kuchujwa na dada yangu kwa kitambaa cheupe. Nikawa najiuliza, mtu anayeogopa maji namna hii anawezaje kuwapa wenzake yale? Nikajijibu kwamba hajui. Nilimdhania mjinga, na ujinga nausamehe, hata mimi ninao.

Siku moja alikwenda msalani akaacha tanki wazi. Mlinzi wa geti ni mteja wangu, akaniruhusu nikachungulie. Yesu na Maria! Ukutani mwa tanki mlikuwa na ute wa kijani, mzito, unavutika kama mlenda wa juzi. Juu ya ute kuna masizi ya ubani. Nilitia kidole, nikanawa mara kadhaa, bado kikateleza.

Nikasema. Asiniambie mtu sikusema. Kulikuwa na sherehe ya ubatizo wa mtoto wao, Ngollo, mtoto waliyempata baada ya miaka mingi ya machozi na novena. Ukumbi umejaa, Bernardo yuko meza ya mbele, na mshereheshaji akaita watani watoe neno. Nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia yote. Gunzi, glovu, mlenda, chetezo. Nikamwonyesha kidole, "Mume wangu huyu anawanywesha abiria mlenda uliofukizwa!" Loo, ukumbi ulipasuka. Vigelegele! Akina mama walikuja kunitunza, Bernardo alifuta machozi kwa tai yake. Nestory mwenyewe alisimama akapunga mikono kama bingwa wa ngumi. Kadiri nilivyozidi kusema "jamani si utani," ndivyo walivyozidi kugaragara, kwa sababu mtani hodari ndiye asiyecheka.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa Bernardo, nimevaa gauni la kanisani. Nikamwamkia, nikaketi, nikaanza. Kabla sijafika kwenye mlenda alikuwa ameshika tumbo. "Getruda, utaniua! Shemeji yako umemshikia bango!" Akaita wenzake waje wasikie. Nikaondoka wakiwa wanapigana mabega. Nilimwambia Elieth jikoni kwake, naye akaendelea kupepeta mchele. "Wewe na Nestory mtaacha lini?" akasema.

Kisha Ngollo akagundulika moyo wake una tundu. Alikuwa akinyonya anachoka, midomo inageuka zambarau, anaachia ziwa na kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Ndiyo maana wakamwongezea maziwa ya kopo, akinyonya chupa ananyonya kidogo kidogo. Daktari aliyepanga wampeleke mtoto Dar kupasuliwa alimwambia dada maneno machache mbele yangu. Mtoto afike mzima. Asiwe na homa, asiwe na kuhara. Akifika anaharisha hapasuliwi, anarudishwa nyuma ya foleni, na moyo ule hauwezi kusubiri foleni nyingine. "Mama, tumbo lake ndilo tiketi yake," alisema. Elieth akalishika neno hilo kama amri ya Mungu. Alichemsha kila kitu, mpaka kijiko, mpaka nyonyo za chupa. Jumuiya ikachanga, kampuni ikatoa punguzo kwa heshima ya mfanyakazi bora, na mimi nikafunga kibanda nimsindikize.

Siku ya safari Elieth alibeba themosi ya maji aliyoyachemsha alfajiri. Tumefika kwenye mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege, Nestory huyu hapa, na rifleketa yake inayong'aa, na nyuma yake Bernardo na wafanyakazi waliokuja kumtakia mtoto heri. Akaiona themosi. Akacheka kwa sauti, ili wasikie.

"Mama Ngollo, unabeba maji? Kwenye ndege ninayoijaza mimi? Watu watasema nini?"

"Ni ya mtoto," Elieth akasema.

"Ndani kuna maji moto, mazuri, yananukia. Hafsa atakupa." Akamchukulia themosi mkononi, akamkabidhi mlinzi wa mlangoni kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Bernardo akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikasema, "Nestory, mrudishie." Wakacheka. Nikasema, "Dada, chukua themosi yako, maji ya huko ni machafu!" Wakacheka zaidi. Elieth akanigeukia na macho mekundu ya kukesha. "Leo tu, Getruda. Leo tu niachie utani wako." Nilimtazama Nestory. Hakuwa anacheka kama wenzake. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwona, na sikuelewa nilichokiona.

Tukapanda. Kulikuwa na joto, mlango uko wazi, ngazi iko chini, tunamsubiri mheshimiwa mmoja ambaye alikuwa bado anakula. Hafsa akaanza kupitisha maji na chai ili watu wasinung'unike. Kiti cha mbele yetu alikaa mzee wa Ulyankulu, mzee Nsabimana, anakwenda kumwona mwanawe. Tulimpa shikamoo, akatubariki na mtoto. Alipokea kikombe, akanywa mpaka mwisho, akasema maji haya yana baraka, yananukia kama kanisani.

Ngollo akaanza kulia kile kilio chake chembamba kisicho na pumzi. Elieth akatoa chupa yenye unga wa maziwa. Mimi nilikuwa nimenunua maji ya dukani, nikampa. "Ya baridi haya? Unataka apate kifua?" Akamwita Hafsa. Nikamshika mkono Hafsa. Hafsa akanicheka, akaupitisha mkono wake chini ya wangu, akamimina. Mvuke ukapanda, na harufu ya ubani. Nikaanza kulia, na dada yangu akaniambia nisimtie mtoto mkosi.

Ndipo Nestory akaingia. Unadhani alikuja kwa sababu ya dhamiri? Thubutu! Alikuja kujionyesha. Alipita katikati ya viti ameinua mabega, "Karibuni, karibuni, mimi ndiye ninayewahudumia maji, kunyweni, msione haya," huku Bernardo amesimama mlangoni anatabasamu. Watu wanampungia vikombe. Akafika kwetu. Elieth alikuwa ameshaitikisa chupa, amedondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kupima joto, na sasa anaipeleka mdomoni mwa mtoto. Ngollo ameshafungua midomo yake ya zambarau.

"Usimpe!"

Sijawahi kumsikia mwanamume akipiga kelele vile. Aliruka juu ya magoti yangu, akaipiga chupa kwa kofi, maziwa yakamwagika kwenye dirisha. "Usimpe hayo, Elieth! Usimpe mwanangu hayo!"

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka, akidhani ni utani wetu unaendelea. Alipoona hakuna anayemfuata akakigeuza kicheko kikohozi.

Elieth hakupandisha sauti. "Kwa nini, baba Ngollo?"

"Si... si mazuri kwa mtoto. Tumbo lake..."

"Ulisema mazuri. Umenipokonya themosi mlangoni, mbele za watu."

"Walikuwa wananitazama," akasema Nestory.

Jibu lake ndilo hilo. Walikuwa wanamtazama. Kwa hiyo hakuwa mjinga, jamani, na mimi niliyemsamehe ujinga miaka yote nilikuwa nimemsamehe kitu asichokuwa nacho. Alijua. Aliujua mlenda ule kuliko mimi, na kila asubuhi aliufunika kwa moshi, akanywa ya kwake yaliyochemshwa, akapiga picha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Watoto wangapi wa wenzake walikorogewa maziwa kwa maji yale, na yeye akalala usingizi?

Mzee Nsabimana akageuka polepole kwenye kiti chake. Akakitazama kikombe chake kitupu, kisha akamtazama Nestory, bila hasira. "Mimi nimeshakunywa, mwanangu," akasema. Kote ndani ya ndege ukasikia vikombe vinawekwa chini.

Bernardo tabasamu lilikuwa limemkauka usoni. Nikamwambia, "Cheka basi, bosi." Akamtuma mtu mbio akalete themosi. Ikaletwa, Elieth akakoroga maziwa mapya kwenye chupa ya akiba, Ngollo akanyonya, akapumzika, akanyonya. Nestory alibaki amesimama pale pale, mikono inaning'inia, maziwa yanamdondoka kwenye rifleketa.

Mtoto alipomaliza, dada yangu akamwomba Hafsa kikombe cha maji moto, yale yale. Hafsa akaleta. Elieth akampa mumewe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mke anavyompa mume maji mbele ya wageni.

"Kunywa, baba Ngollo."

Akakipokea. Watu wote wamemtazama, si ndiyo alikuwa anapenda? Alikishika mpaka mvuke ukaisha. Kisha akakiweka juu ya mkono wa kiti, akateremka ngazi bila kumuaga mtoto, Bernardo akaamuru tanki la ndege lifunguliwe pale pale chini, maji ya mwisho yakatoka ya kijani mbele ya mheshimiwa aliyekuwa ndiyo kwanza anawasili. Tukaruka hadi Dar bila maji wala chai, na hakuna aliyedai.

Ngollo alifika na tumbo zima, akapasuliwa, moyo ukazibwa. Sasa anakimbia na kunivunjia vikombe kibandani, midomo myekundu kama ya watoto wengine. Baba yake walimfukuza. Yuko nyumbani, anasema kampuni ilimwonea wivu.

Elieth hakumwacha. Watu wanamsifu kwa uvumilivu, na mimi nawaacha wamsifu. Sufuria ya kuchemshia bado iko jikoni, lakini ni ya kwake na ya mtoto. Nestory alinunuliwa mtungi. Dada hausugui kwa mchanga wala majani, anaufudikiza tu juu ya chetezo, anajaza maji ya bombani, na mchana, mezani, nikiwapo mimi na wageni, anamchotea kikombe, anapiga goti, anakitoa kwa mikono miwili.

"Karibu maji, baba Ngollo. Yananukia."

Wageni wanatabasamu, wanasema mke ndiyo huyu. Wanamtazama Nestory apokee. Naye, kwa kuwa wanamtazama, anakunywa yote.